Siku Tuliyopaza Sauti

Sisi tuliozaliwa huku Kisii na Nyamira katika miaka michache iliyofuata Vita Kuu ya Pili sasa twahesabika kwa vidole kila kijiji. Wenzangu niliokaa nao benchi moja, tukagawana penseli moja iliyokatwa vipande vitatu kwa kisu cha jikoni, wengi wao wamelala chini ya migomba yao. Tuliobaki twakutana matangani, twashikana mikono kwa muda mrefu kuliko desturi, na kila mmoja humkagua mwenzake kimyakimya, kama karani anayehakiki orodha. Sisemi haya nikiomba huruma. Nasema ili kijana anayesoma ajue ninaowasemea ni akina nani: ni watu waliokwenda shule pekupeku katika baridi ya Julai, waliochuma pareto kabla ya kengele ya asubuhi, wakajenga kwa mikono yao nyumba nyingi za mawe ambazo leo mwaziona kando ya barabara na kudhani zimekuwapo tangu Noa. Tulistahimili mengi na hatukuyaandika. Pengine hilo ndilo kosa letu la kwanza. La pili nitalifikia.

Kilichonishikisha kalamu ni nyumba ya watu wengine, mbali na hapa. Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea binti yangu, ambaye ni muuguzi huko Maryland, Marekani, kama walivyo mabinti wengi wa Kikisii waliotapakaa katika nchi ile. Jumamosi moja, jua lilipokwisha kuchwa, alinipandisha treni ya chini ya ardhi hadi katikati ya jiji la Washington. Tukashuka mtaa wa Wachina, tukatembea kidogo hadi mbele ya jengo lenye kuba kubwa na madirisha ya vioo vya rangi. Huitwa Sixth & I, kwa majina ya barabara mbili zinazokutana pembeni mwake. Ni sinagogi. Hata hivyo watu waliopanga foleni nje hawakuja kuabudu; walikuwa na tiketi mikononi. Walikuja kumsikiliza mwandishi wa vitabu akizungumza, na juma lililofuata, chini ya kuba lilelile, wangekuja wanamuziki. "Tata," binti yangu aliniambia, "hapa ndipo watu wa mji huu huja kusikilizana."

Historia ya nyumba ile nilisimuliwa kabla hatujaketi. Ilifunguliwa mwaka 1908 na Wayahudi wa jumuiya ya Adas Israel. Wakaabudu humo zaidi ya miaka arobaini, kisha mwaka 1951 wakahamia upande mwingine wa jiji, na nyumba ikawa ya Wamarekani weusi, kanisa la Turner Memorial la madhehebu ya African Methodist Episcopal. Hao nao wakaimba humo kwa nusu karne. Mwaka 2002, walipokuwa wakihama, nyumba ilinusurika chupuchupu kununuliwa na mtu aliyetaka kuifanya kilabu cha usiku. Wafanyabiashara watatu, Shelton Zuckerman, Abe Pollin na Douglas Jemal, wakaingilia kati, wakainunua. Ikakarabatiwa, ikafunguliwa tena mwaka 2004, na tangu hapo imekuwa nyumba ya ibada na vilevile ya mazungumzo na muziki.

Niliposikia ule mwaka wa 1908 nilinyamaza. Mkisii wa umri wangu hausikii mwaka huo kama nambari. Ndio mwaka ambao Otenyo, akichochewa na nabii mwanamke Moraa, alimchoma mkuki Northcote, yule mkuu wa wilaya ambaye babu zetu walimwita Nyarigoti. Mzungu akapona, waliolipa ni watu wetu. Askari wakaletwa, vijiji vikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Nyanya yangu alikuwa msichana mdogo wakati huo, na hadi anakufa hakupenda kuuona moshi mweusi ukipanda upande wa Manga. Basi nikakaa katika benchi la mbao lililong'arishwa, nikitazama juu mahali kuba linapofumbata, na kuwaza kwamba mwaka mafundi wa Washington walipokuwa wakipachika vioo hivi, kwetu paa za nyasi zilikuwa zikiteketea. Sikuwaza hivyo kwa kinyongo. Wayahudi wengi wa zama zile walikuwa wamefika Marekani wakikimbia moto wa kwao huko Ulaya. Niliona tu kwamba nyumba ina umri sawa na jeraha letu, nayo bado inatumika, na kila anayeitumia anajua ilijengwa na nani, ikapita mikononi mwa nani.

Jukwaani palikuwa na viti viwili, meza ndogo, bilauri mbili za maji. Hakuna zaidi. Mwandishi akaketi, mwenzake akamuuliza, wakasemezana kwa muda wa saa nzima mbele ya mamia ya watu walionyamaza. Kisha watu wakapanga mstari mbele ya kipaza sauti, mmoja mmoja, wakauliza. Kijana mmoja aliuliza swali lenye pilipili, na mwandishi, aliyekuwa na mvi kunishinda, hakukasirika. Alikunywa maji, akafikiri, akajibu. Nilimnong'oneza binti yangu kwamba hii ni etureti, kikao cha wazee wetu. Alicheka, lakini sikuwa natania. Babu yangu alikuwa na kigoda chake chini ya mti ambako wazee wa ujirani walikaa kusikiliza mambo, na sheria ya kwanza ya kikao kile ilikuwa hiyo: anayesema amalize, anayejibu asikimbilie kujibu. Tofauti ni kwamba babu hakuuza tiketi, na maji yake hayakuwa maji.

Lipo jambo jingine lililonigusa, na hili atalielewa vyema msomaji aliyelelewa kama mimi katika nyumba ya Waadventista. Nilipoambiwa kwamba mkutano wa jioni ile ulingoja Sabato ikome, nilihisi kama niliyekutana na binamu ambaye sikuambiwa kwamba yupo. Sisi nasi tulifungua Sabato Ijumaa jua likichwa. Mama alikuwa amekwisha kukata kuni za siku mbili, kusonga obokima ya wimbi na kuchemsha mboga za chinsaga, kutuogesha kwa maji ya mtoni na kutupaka mafuta hadi tunang'aa kama viatu. Jua likigusa mlima, shoka lilitua hata kama gogo lilikuwa limebaki uzi mmoja kukatika. Wakatoliki wa Nyabururu walituona watu wa ajabu, nasi tuliwaona watu wa haraka.

Na hapo nikakumbuka sinagogi nyingine, iliyo karibu zaidi, ambayo niliipita mara mia bila kuingia. Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa karani kijana Nairobi. Sisi Wakisii wanne tuliishi chumba kimoja, na kila Jumamosi asubuhi tulikwenda kanisani kwa miguu, Biblia makwapani, suti zetu zikiwa zimepigwa pasi ya makaa. Njia yetu ilipita karibu na sinagogi ya Nairobi, pale kona ya Chuo Kikuu. Jumuiya yenyewe ilianza mwaka 1904, siku zile Waingereza walipokuwa wamewapa Wayahudi ahadi ya kugawiwa nyanda za Uasin Gishu wawe na nchi yao; kongamano lao liliikataa ahadi hiyo mwaka 1905, ingawa wachache, kama Abraham Block aliyekuja kumiliki hoteli ya Norfolk, walikuwa wameshafika na wakabaki. Sisi hatukuyajua hayo. Tuliwaona wanaume wenye kofia wakiingia, wao wakatuona na Biblia zetu, siku ileile, saa ileile, wote tukikimbilia amri ileile ya nne. Miaka mitatu tulipishana hivyo. Hakuna aliyemwambia mwenzake hata habari za asubuhi.

Lakini nilitaka kusema juu ya nyumba zetu wenyewe. Kanisa la kwetu kijijini lilijengwa kwa risaga, ule utaratibu wa zamani wa kuitana kazini, isipokuwa mchungaji alikataza amarwa, pombe yetu ya kienyeji, na kwa hiyo watu walilipwa uji. Wanaume walipasua mawe. Wanawake, na hili liandikwe kwa wino mzito, walibeba mchanga kutoka mtoni kwa vichwa vyao, kilomita tatu za kupanda, wengine wakiwa na watoto migongoni. Mabati ya kwanza yalinunuliwa kwa pesa za pareto. Madirisha yalingoja miaka mingi, hadi majani ya chai yalipoanza kuleta bonasi. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi nilipobeba jiwe langu la kwanza, na ninalijua lilipo: upande wa kusini, safu ya tatu kutoka chini, lina alama kama sikio. Wajukuu wangu hunicheka ninapopita nikiligusa.

Nyumba ile haikuwa ya Sabato tu. Jumatatu ilikuwa darasa la watu wazima, ambamo baba yangu alijifunza kuandika jina lake. Jumatano ilikuwa mazoezi ya kwaya. Mwalimu wa kwaya aliandika noti za solfa ubaoni, do, re, mi, akatugawa kwa sauti nne, akatutoa jasho mpaka taa ya chemli ikaisha mafuta, kisha akaendelea gizani, kwa sababu, alisema, sikio halihitaji taa. Wengi wetu tulijua kusoma solfa kabla ya kujua kusoma Kiingereza. Na kwa kuwa Biblia nzima katika Kikisii tuliipata mwaka 1988, Agano la Kale tulilisoma na kulikariri kwa Kiswahili. Ndiyo sababu Kiswahili changu, kama wasemavyo wanangu, kina harufu ya Isaya.

Kisha mwezi wa Agosti, makambi. Siwezi kuwaeleza vijana wa leo makambi yalikuwa nini kwetu. Mahindi yalikuwa yamekomaa, shule zimefungwa, na kwa juma zima kijiji kilihamia uwanjani. Tulilala katika vibanda vya majani ya migomba. Kwaya zilikuja kutoka Kebirigo, Magombo, Ikonge na Nyamache. Nyingine zilitembea usiku kucha na kufika alfajiri zikiimba, na sisi tuliokuwa tumelala tuliamshwa na besi kabla ya kuona watu. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda na kwaya yetu kutoka upande wa Nyamira hadi misheni yetu ya Nyanchwa, zaidi ya kilomita ishirini, viatu tukivibeba mikononi ili tuvivae mlangoni. Adhuhuri palikuwa na kipindi ambacho sasa nakiona kilikuwa bora kuliko mahubiri: sanduku la maswali. Mtu yeyote, hata mtoto, aliandika swali kwenye kikaratasi, asitie jina, akalitumbukiza. Wazee wakaketi mbele, wakalifungua sanduku, wakasoma na kujibu hadharani. Je, mwanamke aliyeachwa na mume aliyekwenda Kericho kwenye chai aweza kuolewa tena? Je, ng'ombe wa mahari waliokufa kwa ndigana wanahesabiwa? Kwa nini Mungu aliruhusu Northcote apone? Swali hilo la mwisho lilizua vicheko na mjadala hadi saa ya chakula ikapita. Hatukuwa na mwandishi wa vitabu wala bilauri za maji. Tulikuwa na viti, wazee, watu wa kusikiliza, na baada ya hapo muziki.

Hapa ndipo ninapofika kwenye kosa la pili.

Mwaka 1962 nilikuwa na miaka kumi na minne, mwimbaji wa sauti ya pili. Alasiri moja ya makambi, kwaya yetu ikiwa imepangwa mbele ya jukwaa, alitokea langoni mzee mmoja amebeba obokano. Kwa asiyeijua: obokano ni zeze kubwa la Wakisii, lenye nyuzi nane, bakuli la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, zito kiasi kwamba mpigaji hukaa chini na kulikumbatia. Ndugu zetu Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane, lakini nyatiti huzungumza, obokano hunguruma. Sauti yake huingia tumboni kabla ya kufika masikioni. Mzee yule nilimfahamu. Alikuwa rafiki wa babu yangu. Alipiga obokano siku nilipotoka jandoni. Ndiye aliyejua, ukoo kwa ukoo, nani alihama kutoka wapi, nani aliuawa na nani, ng'ombe gani alilipwa. Alikuwa maktaba yetu, na hatukuwa na nyingine.

Sijui alikusudia nini. Labda alisikia tu kwamba pana muziki, akaja, kama mwanamuziki yeyote ajavyo. Alikaa nje ya lango, akaliegemeza zeze, akaanza kukaza nyuzi. Wazee wa kanisa wakatazamana. Kwao obokano ilikuwa amarwa, ilikuwa usiku wa ngoma, ilikuwa mizimu, yote yale ambayo walikuwa wameapa kuyaacha nyuma walipobatizwa mtoni. Mmoja akamnong'oneza mwalimu wa kwaya. Mwalimu akatugeukia, akasema neno moja: "Pazeni."

Tukapaza. Tulikuwa vijana arobaini wenye mapafu ya milimani, tumezoezwa mwaka mzima, sauti nne zimeshikana kama matofali, nasi tukamfunika mzee yule mpaka hatukusikia tena hata uzi mmoja. Na niwe mkweli: tuliimba vizuri. Sijapata kuiona kwaya yetu ikiimba vizuri vile kabla wala baadaye. Tulipomaliza ubeti wa nne, langoni hapakuwa na mtu.

Haitoshi kusema kwamba wamishonari ndio waliotukataza. Walikataza, ndiyo, Nyabururu mwaka 1911, na Nyanchwa muda si mrefu baadaye, kila upande ulikuja na orodha yake ya yasiyofaa. Lakini siku ile hapakuwa na mzungu hata mmoja uwanjani. Walikuwapo baba zetu, watu wema, waliojua mabaya waliyokuwa wakiyakimbia kuliko mimi ninavyoweza kuyajua. Nilimwona baba yangu mwenyewe akifuta machozi wakati tukiimba, na kwa miaka mingi niliamini ni machozi ya furaha ya Roho. Sasa sina uhakika. Rafiki wa baba yake ndiye alikuwa langoni.

Kwa hiyo mnaweza kufikiri nilikuwa na nini moyoni pale Washington, niliporudi juma la pili kusikiliza muziki. Hakuna aliyebomoa mimbari ili kuweka ngoma. Nyota ya Daudi ilikuwa mahali pake. Watu walioingia walipunguza sauti wenyewe, kama mtu anavyovua kofia. Na kuta zile, zilizosikia Kiebrania kwa miaka arobaini na nyimbo za watu weusi kwa miaka hamsini, zilipokea wimbo wa tatu bila kulalamika. Binti yangu aliniuliza kama naona ni halali. Nilimwambia anipe muda. Bado najipa.

Maana sitaki kijana adhani kwamba mzee huyu amelewa vioo vya Marekani. Si kila kinachopigwa kinastahili kuingia kila mahali. Wapo waimbaji wetu wa siku hizi, na msomaji wa Kisii anajua namsema nani, wanaomsifu Mungu kwa kupanda miti na kujigaragaza matopeni. Mimi huwacheka na kuwaombea, wala sitawapa funguo. Aliyetaka kuifanya sinagogi ile kilabu cha usiku angeiua, hata kama angeyaacha madirisha. Nyumba ina namna yake ya kutaka mambo yatendeke, na mgeni mwenye adabu huitazama dari kabla ya kufungua kinywa.

Lakini tazameni tulivyo sasa. Makanisa yetu ni makubwa kuliko tulivyowahi kuota: vigae, feni, vinanda vya umeme, spika zenye urefu wa mtu. Yamefungwa kwa kufuli kuanzia Sabato hadi Sabato. Watoto wana muziki wa dunia nzima katika simu, wanaujua kuliko sisi tulivyojua wetu, na vidole vyao vina ufundi ambao mwalimu wangu wa kwaya angeupigia magoti. Sisemi wao ni wavivu. Kijana anayeamka saa kumi usiku kuendesha bodaboda katika ukungu wa Keroka, akarudi jioni akafanya mazoezi ya kwaya, si mvivu kuliko mimi niliyetembea hadi Nyanchwa. Walichonyimwa ni kikao. Kwetu Kisii leo pamebaki jukwaa moja tu ambapo watu wote wa kijiji, wazee kwa vijana, Waadventista kwa Wakatoliki, hukaa pamoja na kusikiliza maneno na muziki, nalo ni matanga. Hapo kuna hema, kuna vipaza sauti, kuna kwaya tatu, kuna wanasiasa watano. Mtu aliyekufa husifiwa kwa saa sita na watu ambao hawakumpa dakika sita alipokuwa hai. Nimeyasikia masimulizi mazuri kabisa ya historia yetu yakisimuliwa mbele ya jeneza, na kila mara nimejiuliza kwa nini ilibidi mtu afe kwanza ndipo tuandae viti.

Tunajua kufungua milango tunapotaka. Mapema mwaka 2008, katika vurugu za baada ya uchaguzi, majirani walipogeukiana kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, watu waliokimbia walilala makanisani na shuleni, na hakuna aliyeuliza mtoto huyu ni wa dhehebu gani. Rika langu lilipika uji ule. Ikiwa nyumba iliweza kubeba kilio, sioni kwa nini isibebe swali la kijana siku ya Jumanne.

Desemba iliyopita vijana wa kanisa letu walikuja kwangu. Walikuja kwa adabu, wakakaa, wakanywa chai kabla ya kutaja shida, na hapo nikajua shida ni kubwa. Walitaka kumleta mpigaji wa obokano Jumamosi jioni, Sabato ikiisha kufungwa. Kijana wa makamo, mmoja wa wachache waliojifunza, katika kizazi hiki ambacho kina watu kama Grandmaster Masese waliolipandisha zeze letu kwenye majukwaa ya Nairobi. Kabla ya muziki, walitaka wazee wawili wakae kwenye viti, waulizwe maswali. Walikuwa hata wametengeneza sanduku, la katoni ya maziwa. Nani aliwaambia habari za sanduku? Hakuna. Walilibuni upya.

Baraza la kanisa lilibishana jioni mbili. Mwishowe likakubali kwa sharti: iwe nje, uwanjani, chini ya mti, wala si ndani. Nilipiga kura ya kukubali sharti hilo. Nilijiambia ni hekima.

Basi Jumamosi ile tukakaa chini ya mti, mimi na mzee mwenzangu wa Kikatoliki kutoka ng'ambo ya mto, tukiwa na maji katika bilauri, kwa kuwa nilisisitiza ziwe mbili. Tuliulizwa mambo mazito na mambo ya kuchekesha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alitaka kujua kwa nini hatukuwafundisha wazazi wao nyimbo za zamani. Mwenzangu alianza kueleza juu ya shule na umaskini. Nilimgusa mkono, nikawaambia habari za mwaka 1962, yote, hadi lile neno "Pazeni". Hapakuwa na aliyecheka. Mpigaji wa obokano alikuwa ameketi pembeni akikaza nyuzi, na niliona mikono yake ikisimama.

Halafu mvua ikanyesha, kama inyeshavyo kwetu, bila kubisha hodi. Watu wakainuka na viti vichwani, watoto wakipiga mayowe, na wote wakakimbilia mahali pamoja penye paa, yaani baraza ya kanisa, ambayo haiwezi kuchukua watu mia mbili. Kijana amelikumbatia zeze lake, amelifunika kwa koti lake mwenyewe, yeye akilowa. Wakageuka wote kunitazama. Mimi ndiye mtunza funguo tangu mwaka 1994.

Nilifungua. Sikumuuliza mtu.

Waliingia wakipunguza sauti, bila kuambiwa. Yule kijana alikwenda akaketi sakafuni upande wa kusini, akaigusa ngozi ya zeze, akatikisa kichwa: imelegea kwa unyevu, haitalia mpaka ipashwe moto. Mama mmoja akakimbia nyumbani kwake ng'ambo ya barabara, akarudi na jiko la makaa chini ya mwavuli. Likawekwa mlangoni. Kijana akaliinamisha obokano mbele ya makaa, akiligeuza taratibu kama mtu anayebanika mahindi, akiigonga ngozi kwa ukucha na kusikiliza, akiigonga na kusikiliza. Waimbaji wa kwaya walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya nyuma. Mwalimu wao, msichana mwenye umri wa mjukuu wangu, aliniuliza ni wimbo gani tuliouimba siku ile, nikamtajia, akasema wanaujua. Kisha tukangoja ngozi ikauke.